Asubuhi Niliyomwandika Yasini

Siku moja kabla ya asubuhi hiyo, jambo lililoninyima raha lilikuwa maji. Mpunga wangu ulikuwa na wiki mbili tangu niupandikize, mfereji ulikuwa na maji ya mashaka, na jirani yangu wa shamba, mzee mbishi kuliko mimi, alikuwa ameniibia zamu ya maji kwa mara ya pili. Tuligombana mpaka tukaishia kucheka. Zamu iliyofuata ilikuwa yangu, kesho yake alfajiri, na nilimwambia akithubutu tena nitamfungulia maji yaingie mpaka jikoni kwake.

Wakati huo nilikuwa na kazi mbili. Asubuhi nililima bondeni, na mchana nilikuwa mkuu wa mtaa wetu wa Mutakura. Watu waliniita shefu. Kabla ya hapo nilikuwa mpiganaji. Vita vya mwanzo vilinichukua nikiwa kijana na kunirudisha baada ya miaka sita, nikiwa na mguu mmoja unaochechemea. Kwa hiyo nilipenda sheria. Wengine walinicheka, eti Ramazani anaandika hata kuku. Wacheke tu. Mimi nilishaona nchi ambayo hakuna anayejua nani analala wapi na nani amekufa, na sikutaka kuiona tena.

Kila nyumba ilikuwa na kaye, yaani daftari lenye majina ya wote wanaolala humo. Mgeni akija, mkuu wa mtaa anamwandika, anatia sahihi na muhuri. Mwaka ule mji ulikuwa umechafuka upya. Milio ya risasi ilisikika karibu kila siku, na wenye sare walizunguka mitaani wakifanya msako. Wakiingia ndani, kitu cha kwanza walichotaka kuona ni kaye.

Jioni hiyo alikuja Hadija, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na mume wake alikuwa kazini upande wa Kongo, hana njia ya kurudi. Mdogo wake Yasini, fundi wa magari kule mtaa wa Buyenzi, alikuwa amekuja kukaa naye. Buyenzi kulikuwa na utulivu kuliko kwetu. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, aliacha utulivu wake kwa sababu dada yake aliogopa kujifungua peke yake.

"Muzee, uniandikie ndugu yangu mu kaye," Hadija alisema. "Amekuya tangu juzi."

"Karangamuntu yake iko wapi?" Nilikuwa naulizia kitambulisho.

"Aliisahau ku garage. Lakini we unamujua Yasini! Si yeye njo alikutengenezea pikipiki?"

"Namujua. Lakini siandiki mutu bila karangamuntu. Kesho aende aichukue, njo nitamuandika."

"Na benye sare bakikuya mbele ya kesho?"

"Apana. Hawatakuya."

Sikuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo. Nilitaka kula chakula changu kikiwa bado moto.

Alfajiri nilikuwa shambani, tope limenifika magotini, maji yameanza kuingia vizuri. Ndipo nikasikia magari barabarani. Yalikuwa mengi na mazito, yakienda polepole bila honi. Mtu asiyewahi kupigana angesema ni malori ya biashara. Mimi nilijua ni watu wanaokwenda kuzingira mtaa, na yalikuwa yanaelekea kwetu.

Niliacha mfereji wazi nikapanda pikipiki.

Kwenye kona ya kuingilia mtaani walinisimamisha. Niliwaonyesha muhuri, ambao nilitembea nao mfukoni nimeuzungushia kitambaa ili usiibwe. Waliniambia msako umeanza upande wa juu na mkubwa wao ananingoja.

Nilisema naenda. Nikapita nyuma ya nyumba hadi kwa Hadija.

Yasini alikuwa amekaa kwenye kiti, amevaa viatu. Hadija alikuwa amesimama, ameshika mgongo.

"Leta kaye," nilisema.

"Muzee, acha tu," Yasini alisema. "Mi siko na kosa. Nitabaambia nilisahau karangamuntu ku garage, njo basi."

"Nyamaza. We unajua magari. Mi najua vita."

Akanyamaza.

Niliandika jina lake. Nikaandika ni ndugu wa mwenye nyumba. Nikaweka tarehe ya siku tatu nyuma, nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Mikono yangu ilikuwa na maji ya shambani. Na nitasema ukweli: nilijisikia mtu wa maana sana.

Mlango ukagongwa.

Afisa alikuwa kijana, mpole wa sauti. Alisoma ukurasa taratibu. Alipofika chini alipitisha kidole gumba juu ya muhuri, kisha akakitazama. Kilikuwa na wino wa bluu, bado mbichi.

"Huyu aliandikwa siku tatu zilizopita?"

"Ndiyo."

Alinionyesha kidole. Halafu akatazama miguu yangu yenye tope.

"Shefu anatoka mbio shambani kuja kumuandika mutu. Huyu mutu ni nani?"

"Fundi wa magari. Ndugu ya huyu mama."

Hilo lilikuwa kweli, ila kwa wakati ule hakuna aliyekuwa na haja ya kunisikiliza.

Yasini hakubishana. Alimwambia dada yake akae chini, asisimame sana. Wakamtoa.

Mimi pia nilichukuliwa. Nilikaa ndani siku mbili, nikapigwa makofi, kisha mkubwa mmoja akanitambua. Tulikuwa porini pamoja zamani. Akaniachia. Nilimuuliza habari za Yasini, akasema hamjui, na kwamba nisimuulize tena.

Nilipofika mtaani nilikuta jambo ambalo mpaka leo sijalizoea. Asubuhi ile walichukuliwa wageni wengine pia, watu wasiokuwa kwenye kaye yoyote, wasio na karatasi. Walitukanwa, wakaambiwa wakajiandikishe, na jioni ileile walikuwa wamerudi nyumbani.

Yasini hakurudi. Tulimtafuta kwenye mahabusu, hospitalini, hata kwenye vichaka vya mtoni. Hadija alijifungua tukiwa bado tunatafuta. Nami nilirudisha muhuri, nikabaki na jembe.

Ilinichukua miaka kupata moyo wa kuzungumza naye. Nilimkuta uani akianika nguo.

"Hadija, wale wasioandikwa walirudi wote."

"Najua, muzee. Niliwaona siku ileile wanapita."

"Na hukuniambia kitu."

"Ningekuambia nini? Ulikuya mbio sababu ya sisi." Alikung'uta shuka, akalibana kwenye kamba. "Lakini sijakusamehe. Nilijaribu, imekataa."

Nilimwambia asijilazimishe. Akanipa kiti, nikakaa kidogo, nikaondoka.

Vitani niliua, na sijivunii. Hao waliokufa kwa mkono wangu walikuwa na bunduki kama mimi, na wengi nimewasahau sura. Yasini alikuwa na maneno machache ya kweli, na maneno hayo yangemtosha. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze.