Nimempigia Nasieku mbele ya ukumbi mzima

Jamani, leo nimepigiwa makofi na bado nataka kulia.

Tuko Mikumi, kwenye semina ya walimu na teknolojia. Nikaeleza jinsi ninavyowarekodia masomo kwa simu wanafunzi wangu waliohama na mifugo.

Nikajifanya mjuaji, nikampigia Nasieku wa darasa la saba. Nikaweka spika.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Masomo unayapata?"

"Yote. Baba ananiachia simu jioni."

Ukumbi ukalipuka makofi.

Halafu akauliza, "Mwalimu, na mtihani wa wiki ijayo nao utanipigia?"

Walimu wakacheka. Mimi nikazima spika. Mtihani unafanyikia shuleni Kilosa, na baba yake hawezi kuacha ng'ombe amlete.

Nikamwambia nitampigia jioni.

Jioni ndiyo hii. Walimu wenzangu, nimwambie nini?