Kibali cha Kukagua Maporomoko

Kamati ya matembezi ya ofisi yetu ilikaa vikao vinne kabla mtu yeyote hajauliza kama maporomoko yenyewe yana maji. Niliyeuliza ni mimi, nikajibiwa kwamba swali hilo halimo kwenye ajenda.

Ulikuwa mwezi wa nane, Shinyanga, miaka ile ya petroli ya kibali. Bomba la nyumba niliyopanga Ngokolo lilikuwa linakohoa vumbi tangu mwezi wa sita. Lakini mkuu wetu wa ofisi alikuwa ameambiwa na shemeji yake kwamba katika milima iliyo mbele ya Kharumwa kuna maji yanayoanguka kutoka juu ya mwamba mrefu ajabu, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari nyingine. Shemeji mwenyewe hakuwahi kufika huko. Alisimuliwa.

Mimi nilifanywa katibu kwa sababu nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, na pale ofisini waliamini kwamba chuo kikuu ni mahali watu wanapofundishwa kuandika mihtasari. Nikaandika. Tutaondoka Jumapili kabla hakujapambazuka, tutafika saa tatu, tutaangalia maji kwa dakika arobaini, tutageuza lori. Ilikuwa lazima tugeuze mapema, maana Jumapili ikishapita saa nane mchana magari hayakuruhusiwa barabarani. Kwa nini isiwe Jumamosi? Kwa sababu Jumamosi tulifanya kazi nusu siku, yaani tulikaa ofisini nusu siku.

"Dakika arobaini!" akasema mtunza stoo, mtu mnene aliyekuwa mjumbe wa kamati kwa ajili ya chakula. "Mimi hapo hata viatu sijavua."

"Utavivulia kwenye lori," akasema mkuu. "Ndugu Katibu, andika hilo."

Nililiandika. Naona aibu kusema kwamba nililiandika.

Barua zilikuwa mbili: moja ya kuomba petroli mkoani, nyingine ya kukiomba kijiji kilicho chini ya mlima kitupokee. Nilieleza kila kitu, hata kwamba tutakuja na chakula chetu na mpira wa miguu. Mpiga chapa, mama wa Kisukuma wa makamo, alipiga "maporomoko ya maji" kila mahali. Nikachukua kalamu nyekundu nikafuta "ya maji". Nilimweleza, kwa sauti ambayo leo nisingependa kuisikia, kwamba maporomoko yanatosha, kwamba lugha safi haibebi mizigo isiyo ya lazima.

"Huko kwenye dhahabu yanaporomoka mengi, baba," akasema.

"Piga kama nilivyosahihisha, Mama."

Akapiga.

Kibali cha petroli kilirudi baada ya siku nne. Kwa kawaida kingerudi baada ya wiki sita, kikiwa kimekataliwa. Juu yake mtu wa mkoani alikuwa ameandika: ziara ya dharura, kukagua maporomoko. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. "Msomi wewe! Ungeweka maji tungepata ya kujaza kibiriti."

Kisha ikaja barua ya kijiji, imeletwa na dereva wa lori la pamba, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Nikaisomea kamati. Walisema wamepokea barua yetu kuhusu maporomoko na wanashukuru kwamba habari zimefika. Duara lao, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, liliporomoka mwezi wa sita na kijana mmoja bado yumo ndani. Wamefukua kwa majembe mpaka wamefikia jiwe wasiloweza kulivuta. Mama yake anaomba atolewe kabla mvua hazijajaza shimo. Tuje na mnyororo. Mbuzi yuko tayari.

Hawakuwa wameripoti popote kwa sababu walichimba bila ruhusa. Kuripoti kifo kungekuwa kujipeleka polisi.

Mkuu alimeza chai yake.

"Mbuzi wa kuchoma au wa mchuzi?" akauliza mtunza stoo.

Walicheka. Nakumbuka meno ya kila mmoja.

Nikasema tuandike barua ya pili tueleze kosa. Huyo mama atasimama barabarani akitungoja.

"Basi tutamsalimia," akasema mkuu. "Mengine tutawaeleza huko huko. Ukiandika maji, Ndugu Katibu, kibali kinakufa. Unataka watumishi ishirini wakose matembezi kwa ajili ya maneno mawili?"

Niliwadharau kwa raha, kama mtu anavyojikuna upele. Nilirudi kwenye chumba cha mashine nikamweleza mpiga chapa ni watu wa namna gani wanaoongoza ofisi za nchi hii. Hakuinua macho.

"Na aliyefuta ni nani?" akasema.

Ijumaa iliyofuata niliomba ruhusa, nikapanda basi hadi Kahama, nikalala huko, na asubuhi nikapata lori la pamba lililokuwa linakwenda Kharumwa. Njiani nilitunga hotuba. Ilikuwa na utangulizi, maungamo, na aya moja kali kuhusu viongozi. Kutoka Kharumwa nilitembea kwa miguu, nikawakuta mwenyekiti wa kijiji na mama wa yule kijana wamekaa uani mwa mama. Mama alikuwa anachambua pamba, safi upande huu, fifi, ile chafu, upande ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye barua?"

Nikasema ndimi. Nikatoa hotuba yangu, bila ile aya ya viongozi, maana mbele yake ilipoteza nguvu. Nikasema kosa ni langu: neno nililoandika lilimaanisha maji.

Mwenyekiti alitazama mlima. "Maji hayo yalikauka mwezi wa saba. Mnakuja kuangalia mwamba?"

"Hatukujua."

"Sisi tulijua. Barua inasema mnakuja na mpira. Nani anakwenda msibani na mpira?"

"Sasa kwa nini mlijibu vile?"

Aliyejibu ni mama, mikono ikiendelea na pamba. "Kwani mngekuja kwa barua gani nyingine?"

Miaka mitatu ya chuo kikuu, na nimeshindwa na mtu anayetenga fifi.

"Mnyororo mnao?" akauliza.

"Uko stoo."

"Basi ungekuja nao huo. Maneno ya nini?" Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza, bila ukali. "Nenda, mwanangu. Usiwaambie kitu. Waje kuangalia."

Katika kikao cha tano nilisoma orodha ya vifaa, na kati ya mpira na kreti za soda nilikuwa nimeandika: mnyororo wa kuvutia, endapo lori litakwama. Mkuu alinisifu kwa kuona mbali. Mtu pekee niliyemwambia ukweli ni dereva. Alivuta sigara yake mpaka mwisho, akauliza, "Jiwe lenyewe kubwa kiasi gani?"

Jumapili ile tulifika mapema kuliko ratiba. Vijana wa kijiji walitungoja njia panda, wakatuelekeza kushoto, mbali na mlima. Mkuu alishuka na kaptura nyeupe na kamera shingoni.

"Mbona sisikii maji?" akasema.

Dereva alikuwa ameshaanza kurudisha lori nyuma kuelekea shimoni. Walipofunga mnyororo ndipo mkuu alipoelewa. Akanijia karibu. "Umetuuza."

"Ndiyo, mzee."

Watumishi wenzangu walijipanga kwenye kivuli, leso puani, wakilalamika kuhusu ratiba. Mtunza stoo alimwuliza mwenyekiti wa kijiji taratibu kama mbuzi bado yupo. Hakuna hata mmoja aliyesogea kushika kamba, na mimi niliposhika nilikuwa nasumbua tu. Kijana mmoja aliniomba nikae pembeni, nisije nikatumbukia. Jiwe lilitoka mvuto wa tatu. Vijana wawili wakashuka. Walikaa chini muda mrefu, kisha wakapiga kelele kwa Kisukuma na walio juu wakaanza kuvuta polepole.

Alitoka amefungwa ndani ya turubai la pamba. Mama yake hakulia. Alifunua upande mmoja kidogo, akatazama mkanda kiunoni, akafunika tena na kukunja pembe ya turubai vizuri. Mkuu alikuwa amevua kofia na alikuwa anajiandaa kusema jambo kwa niaba ya ofisi. Mama akampita. Akanipita na mimi. Akaenda hadi kwenye dirisha la lori, akamwuliza dereva kama anaweza kumfikisha kijana nyumbani bila kukanyaga mihogo ya jirani.

"Naweza, mayu," akasema dereva, akimwita mama kwa Kisukuma, akawasha gari.