Bibi Aliyetaka Kuinuka Mwenyewe

Bibi jirani yangu wa hapa mtaa wa Kikuyu ametutoka, ndugu wasomaji, na leo siandiki kwa upole. Kiharusi kilipomlegeza upande wa kushoto, mwanawe alimtoa kijijini Kongwa akamleta hapa mjini kwa ahadi moja: siku atakapoweza kuinuka kutoka chini bila kushikwa, atarudishwa kwenye nyumba yake na shamba lake la karanga. Maisha ya kule ni ya kukaa chini: jiko la mafiga, mkeka, choo cha kuchuchumaa. Hakutaka kingine ila kurudi huko, na aliniambia hivyo kila nilipopita kumwamkia.

Wanafunzi wa shahada ya fiziotherapia walikuja kwake kundi baada ya kundi, na madodoso yaliyotafsiriwa kutoka vitabu vya ughaibuni. Siku moja nilikuwepo. "Bibi, unaweza kupanda ngazi hadi ghorofa ya kwanza?" Alicheka mpaka akakohoa. "Ghorofa iko wapi hapa, wajukuu zangu? Niulizeni nainukaje kutoka hapa chini." Binti mmoja aliacha kuandika, akachuchumaa mbele yake. "Bibi, hilo ndilo litakuwa utafiti wangu. Nitarudi tulitafutie jibu." Bibi akamwamini, nami nikamwamini. Miezi ikapita kimya. Nilipofuatilia chuoni nikaambiwa msimamizi wake alikataa: swali hilo hakuna aliyeliandikia, marejeo atayatoa wapi? Binti akabadili mada, akahitimu, akaenda zake bila hata kuja kuaga. Nilipomweleza bibi, hakusadiki. "Yule? Hapana, baba. Yule atakuja."

Tulimzika Kongwa, nyumbani kwake, alikorudi akiwa amebebwa. Msimamizi yuleyule alisimama akamshukuru marehemu kwa "kuwalea wataalamu wetu." Waombolezaji wakaitikia. Mimi nilihisi tumesalitiwa sote, na hasira hiyo ninayo mpaka sasa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kama swali halijaandikiwa na mtu, si ndiyo sababu ya kulitafiti? Tunawafundisha vijana utafiti wa kufaulia, kisha tunashangaa wagonjwa wetu wanabaki walivyokuwa. Na wewe binti, kama unasoma safu hii, usije kunipa pole. Nenda kwa mgonjwa wako wa leo, kaa naye chini, muulize anainukaje. Na ukimwambia utarudi, rudi, hata kama huna jibu.