Wiki mbili nilisema mama amelala

Wiki mbili nzima watu walikuja kwangu na sufuria za uji kumsalimia mama yangu, na mimi nasimama mlangoni nawaambia, "Amelala."

Hakuwa amelala. Hakuwemo ndani. Sikujua hata kama yuko hai.

Na uji niliunywa mimi.

Msinitukane kwanza. Ngojeni niwaeleze, halafu mtanitukana vizuri.

Naitwa Fabrice, ni kinyozi hapa Bwiza, Bujumbura. Kwetu ni Uvira, ng'ambo ya mpaka. Vita ilipotufukuza tulivuka na mama yangu, Mama Ernestine, mimi na yeye tu, na begi moja. Tukapata chumba kwenye parsele, ua mmoja wenye wapangaji sita, nikapata kiti kwenye saluni ya mtu, maisha yakaanza kusukumwa.

Shida ilikuwa kichwa cha mama. Kilikuwa kimeanza kusahau. Angekuuliza mara tatu kwa saa moja kama umekula. Angeamka aseme tufunge mizigo turudi Mulongwe, mtaa wetu wa Uvira, eti nyumba tumeiacha wazi.

Lakini mimi hakunisahau hata siku moja. Kila Jumamosi nilikuwa namnyoa nywele zake nyeupe, na yeye anapapasa mkono wangu anasema, "Mikono ya Fabrice yangu."

Basi, Jumanne moja akatoka kwenda maombi ya asubuhi. Kanisa liko hatua chache na njia aliijua. Nilikuwa nanyoa mteja, nikamwona anapita, nikampungia kitambaa, na yeye akanipungia mkono.

Hakufika kanisani.

Jamani, tulimtafuta. Wamama wa kwaya, wakiongozwa na Mama Consolée, rafiki yake wa kwanza hapa mjini, waligawana mitaa. Picha yake ilizunguka kila grupu ya WhatsApp. Hospitali tulienda, polisi tulienda, sokoni tulizunguka. Nguvu nyingi tuliweka barabara ya Gatumba, ile inayoelekea Kongo, kwa sababu mama alikuwa haishi kusema anarudi nyumbani. Petroli haipatikani mjini, kwa hiyo ni miguu tu, mpaka viatu vyangu vikaachama.

Nilifunga. Niliomba mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa nawaza mto Rusizi, nawaza viboko, nawaza mambo ambayo hata kuyaandika hapa sitaki.

Siku ya kumi na tatu ilikuwa Jumapili, na kanisani tulikuwa na mgeni, muinjilisti kutoka mbali. Jamaa anajua kuhubiri, siwezi kumnyima haki yake. Ikafika saa ya ushuhuda. Akasema anayelia aache kulia, aje ashuhudie kwa imani. Usiseme unachokiona, alisema, sema unachokitaka kama vile kimeshatendeka.

"Wapi yule kijana wa mama aliyepotea?"

Watu wakanigeukia. Mtu akanishika kiwiko akanisukuma mbele. Nikajikuta nimeshika mikro, kipaza sauti.

"Mama yako yuko wapi?"

"Ame... amepatikana."

"Kwa sauti!"

"Mama yangu amepatikana! Amerudi nyumbani! Asante Yesu!"

Weee! Kanisa lililipuka. Wamama walivua viatu wakacheza. Mimi mwenyewe nilicheza, machozi yananitoka, na nawaambieni kweli, kwa dakika kumi niliamini kabisa kwamba nikifika nyumbani nitamkuta amekaa kitandani.

Kabla hajaondoka, muinjilisti alinishika bega. "Ukisema kinyume, umeuvunja muujiza. Linda mdomo wako."

Nikaenda nyumbani, nikafungua mlango. Kitanda kilikuwa vilevile nilivyokiacha.

Sasa oneni balaa. Waliochelewa ibada, waliosimama nje, wale ambao hata si wa kanisa letu, hawakujua habari za kushuhudia kwa imani. Walisikia amepatikana, basi. Saa ileile mtu akaandika kwenye grupu: "Mama Ernestine amepatikana, Mungu ni mwema, mnaweza kufuta picha."

Hata waliokuwa ndani wakadhani sasa amepatikana kweli. Wakafuta. Mitaa yote ile, kwa siku moja.

Jumatatu Mama Consolée akafika na sufuria ya uji.

"Fabrice mutoto yangu, niache nimuone rafiki yangu."

Ningeweza kusema. Neno moja tu. Lakini alikuwa anacheka mpaka macho yamefumba, na mimi nasikia sauti ya muinjilisti sikioni, linda mdomo wako.

"Amelala, mama. Amechoka sana."

"Aah, pole yake, alitembea sana. Umupe akiamuka. Mi nitapita kesho."

Alipita kesho. Na kesho kutwa. Mwingine akaleta ndizi, mwingine soksi kwa sababu wazee wanasikia baridi. "Amelala." "Anaoga." "Amekunywa dawa, asisumbuliwe." Kila uongo ulizaa mwenzake, na wote ikabidi niwalee. Saluni wateja wananipongeza, nanyoa kichwa cha mtu huku najibu "Amina, Amina."

Uji nilikunywa kwa sababu sufuria lazima irudi tupu.

Lakini kilichonimaliza ni maombi. Napiga magoti, maneno hayaji. Nimwombe Mungu nini? Anirudishie mama? Nimeshamshukuru mbele ya watu mia mbili kwamba amemrudisha. Kutoka kumtafuta nako siwezi, maana watu wataniuliza natafuta nani. Njia ya kwa Mungu nimeifunga, ya kwa watu nimeifunga, kwa mikono yangu. Nikawa nakaa tu kwenye kitanda cha mama nakodolea ukuta. Sikuwa na la kufanya. Kabisa.

Jumamosi ya wiki ya pili, Mama Consolée alikuja bila uji. Alikuja na mita ya fundi wa kushona shingoni.

"Kwaya imemununulia kitenge. Leo sikubali, nitamupima hata akiwa na usingizi."

Na mguu ameshautia mlangoni. Nikatafuta uongo, nikakuta umeisha.

"Mama Consolée, hayuko."

"Ameenda wapi?"

"Sijui. Hakurudi. Hajarudi hata siku moja."

Aliniangalia. Akakaa kwenye ngazi, polepole, mita bado shingoni.

"Na uji?"

"Nilikunywa mi."

"Sukari ya ule uji," akasema, "nilipanga mustari tangu saa kumi na moja asubuhi. Sukari haionekani muji muzima."

Nikaanza kulia. Yeye hakulia.

"Kesho utashika ile mikro tena."

"Muinjilisti alisema nikikana, muujiza utavunjika."

"Muinjilisti alishaenda kwao. Mungu hakuenda. We unaogopa nani?"

Kesho yake pasteri alinipa mikro akidhani naleta ushuhuda mwingine. Watu walikuwa wanapiga makofi tayari. 

"Nilidanganya," nikasema. "Mama hajapatikana. Nilitaka iwe kweli, nikasema ni kweli. Nimekula vyakula vyenu. Mnisamehe. Sijui mama yangu yuko wapi, na peke yangu sitamuona. Mnisaidie."

 Mzee mmoja wa mbele alisimama akatoka nje bila kuniangalia. Kijana mmoja akasema "Shetani huyu," tena si kwa kunong'ona. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Yampayinka!"

Ni mshangao wa Kirundi, na sauti ilikuwa ya Lisette, dada anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, kule Buyenzi. Amesimama nyuma kabisa, mikono kichwani.

"Nilimuona! Jumatatu ile, kesho yake ya ushuhuda! Kwa Massoudi, fundi wa magari. Muke wake Khadidja akaniuliza, huyu mama hamumutafuti kule kwenu? Nikamujibu apana, wa kwetu alipatikana, tulicheza na kucheza. Nilimuangalia na macho yangu haya, nikasema wazee wanafanana!"

Buyenzi. Kutoka kwetu Bwiza ni kuvuka barabara tu.

Nilitoka mbio na mikro mkononi, mtu akaninyang'anya mlangoni.

Kwa Massoudi kulikuwa na gari kuukuu lisilo na injini wala magurudumu, limekalishwa juu ya matofali. Mama yangu alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Kichwani mtandio wa mtu mwingine, miguu imefungwa vitambaa.

"Tulimukuta humu humu, Ijumaa moja," Massoudi akaniambia, anafuta oili mikononi. "Miguu imevimba. Anasema anangojea dereva amufikishe Uvira. Tukimutoa muchana analia, basi tunamuacha akae. Jioni muke yangu anamuingiza nyumbani."

Alipotea Jumanne, akaonekana kwao Ijumaa ya wiki iliyofuata. Siku zile kumi za katikati alikuwa wapi, hakuna anayejua mpaka leo.

Nikafungua mlango wa gari.

"Ingia, baba," mama akasema. Akasogea kunipisha. "Kuna nafasi moja. Dereva anakuja."

Nikaingia. Nikakaa karibu naye. 

"We pia unaenda Uvira?"

"Mama, ni mimi. Fabrice."

Akanigeukia. Akaniangalia paji la uso, macho, kidevu. Kisha akanipigapiga mkono, vile unavyombembeleza mtoto wa jirani.

"Apana, baba. Fabrice hawezi kuniacha siku zote hizi."

Nikauacha mkono wangu mkononi mwake. 

"Amepotea, mutoto yangu," akaendelea. "Ndiye naenda kutafuta. Kama huna haraka, tumuombee."

Akafumba macho, akafungua viganja vyake. Akamwomba Mungu amwone Fabrice popote alipo. Amkinge na baridi. Ampe mtu wa kumpa chakula. Amlinde mdomo wake na uongo na miguu yake na njia mbaya, amrudishe kwa mama yake.

Nikasema Amina. Ningesema nini kingine?

Nilipotoka kwenye gari, Khadidja, mke wa Massoudi, alikuwa amesimama na bakuli la chakula.

"Ni we Fabrice?"

"Ni mimi, mama."

"Subhanallah." Akaweka bakuli chini. "Kila mwanaume aliyeingia hapa, mama yako alimutazama usoni. Anauliza, ni Fabrice? Fundi, muteja, hata wa kuleta maji. Kila siku. Mupaka Jumatano hii. Tangu Alhamisi hakuuliza tena, anaomba tu."

Tangu Alhamisi. Na ile ilikuwa Jumapili.

Alinitafuta kwenye uso wa kila fundi, ng'ambo ya barabara, na mimi niko nyumbani nakunywa uji wake na kulinda muujiza. Ningesema ukweli Jumatatu ile ya kwanza, angeniita jina langu. Hilo hakuna anayeweza kuniondolea.

Sasa yuko nyumbani. Mama Consolée anakaa naye nikiwa kazini, na Khadidja anapita kumwona. Wale niliowadanganya, wengine wamenisamehe, wengine bado, na sigombani nao.

Kila Jumamosi namnyoa. Ananiita Kinyozi.

"Kinyozi, mikono yako ni mizuri. Una mama?"

"Ninaye."

"Umuangalie."

Halafu anafumba macho anamwombea Fabrice apatikane. Mimi nazima mashine, nainamisha kichwa, naitikia Amina.

Mnaniuliza inbox kama bado naamini. Naamini, tena kuliko zamani. Mungu alimtunza mama yangu kwenye gari bovu, kwenye nyumba ya watu wasiosali kama sisi, siku zote nilizokuwa nimefunga mdomo. Aliyechelewesha ni mimi. Kila siku naomba mama anitambue hata mara moja, na mpaka leo ninapoandika bado. Simtangazii Mungu kwamba ameshatenda. Namwambia kama ilivyo: Baba, leo tena hakunijua. Nisaidie.

Imani siyo kumwekea Mungu maneno mdomoni, jamani. Hahitaji uongo wetu kumsaidia kazi.

Kama umepoteza, sema umepoteza. Pengine kuna mtu ng'ambo ya barabara amekaa na hicho unachokililia, anasubiri tu kusikia kwamba bado unakitafuta.