Mzee Kaanguka Bwejuu

Siku hizi naswali msikiti wa mtaa wa pili, kwa aibu.

Helikopta yangu ya rimoti, ndefu kunishinda, niliipa jina la Mzee. Ilikohoa kabla ya kuwaka, kama baba mkwe tunayeishi naye Kiembe Samaki. Siri hiyo tuliijua mimi na mke wangu Salma tu.

Majuzi nilimshusha baba mkwe hospitali, nikaahidi kumpitia nikirudi, nikaenda pwani ya Bwejuu kujaribu injini kubwa niliyoifunga. Helikopta ikapaa, ikakatika mkia, ikaanguka mwambani. Nikapiga simu nyumbani, akapokea mama mkwe.

"Mwambie Salma, Mzee kaanguka, kavunjikavunjika. Namleta."

Nikaifunika shuka nyeupe garini. Nyumbani nikakuta majamvi yametandikwa, wanaume wamevaa kanzu. Nikadhani Salma kawaambia.

"Pole, kazi ya Mungu," jirani akasema.

"Miaka miwili nimemhangaikia," nikamjibu kwa machozi.

Wakamshusha, wakishangaa wepesi wake. Ndipo baba mkwe akatokea kwa miguu, vumbi hadi magotini. Nilimsahau hospitali.

"Kafa nani?"

Akafunua shuka kwa bakora yake, akasoma ubavuni, kwa rangi nyekundu niliyoipaka asubuhi ile: MZEE.

"Kwa nini Mzee?" akaniuliza.

Kabla sijajibu, akakohoa.