Filamu ya Angani Nyumbani kwa Mansukh

Mansukh alitengeneza saa mjini Tabora kwa miaka arobaini, mpaka akapofuka. Tangu hapo mkewe, Bachubai, ndiye aliyemsimulia kila kinachopita kwenye televisheni, hata sauti ikamkauka.

Jumapili moja alasiri walitazama filamu ya watu waliosafiri angani kwa chombo, wakapotea huko mbali kupita nyota zote. Mitambo yao ilimshinda Bachubai kuieleza. "Wamevaa nguo nyeupe, sijui wanabonyeza nini," alisema.

"Nyamaza kidogo, Mama Jayesh," mumewe akamwambia taratibu. "Mmoja wao anakumbuka nyumbani."

Bachubai akatazama vizuri. Kweli, kijana mmoja alikuwa ameshika picha ya mama yake. "Umejuaje?"

"Sikiliza hizo fidla kwenye muziki. Zinapanda, halafu zinasita, kama mtu anayetaka kuita jina akajizuia."

Baadaye tarumbeta na ngoma kubwa zikaingia zote pamoja, wapigaji wengi mno, na Mansukh akaketi wima, uso umemng'aa. "Wameliona jua," alisema. Na ndivyo ilivyokuwa: mwanga wa dhahabu ulijaa kioo kizima.

Bachubai hakusimulia tena. Alisogeza kiti, akamshika mkono, akafumba macho na yeye.

Filamu ilipokwisha na majina yakaanza kupita, Bachubai alinyoosha mkono azime televisheni.

"Iache," Mansukh alisema. "Bado wanapiga."

Wakakaa vivyo hivyo, mkono kwa mkono, mpaka fidla ya mwisho ikanyamaza.