Armoire ya Mama na Treni

Nyumba ya papa iko karibu na reli, karibu mpaka treni ikipita ni kama inapita mu salon, inalomba pardon. Ilikuwaka inatutikisa mpaka kuku yetu inataga mayai ya kukorogwa tayari. Weye unaongeza tu chumvi.

Njo maana kila muntu alikuwaka na kazi yake. Treni ikilia kule mbali, papa anashika radio, mama anakumbatia armoire, ile kabati ya masahani, isianguke, miye nakusanya ma-vere, bilauri ya kunywea. Hakuna kusema, nani atakusikia? Treni ikiisha, tunakaa, na kila muntu anaendelea na neno lake pale lilikatikia.

Bon. Siku moya bantu ya fiancé wangu banatoka mutaa ya Bel-Air, banakuya kunilomba. Ma-costume, viatu inang'aa. Na ule kijana nilimupenda mpaka nilikonda juu yake, na miye kukonda haiko kitu rahisi.

Baba yake mukubwa njo alisema kwa niaba yabo:

"Tuliona ua linachanua mu hii lupango yenu. Tunalilomba. Munasema nini?"

Papa akakohoa kidogo.

"Siye, mu hii nyumba…"

Treni ikalia.

Tukasimama bote mara moya! Papa radio ku kifua. Mama akabapatia mugongo, akarukia armoire. Na miye nikapita na ma-vere, hata ile ilikuwa bado ku midomo ya baba mukubwa, nikamunyang'anya.

Waza sasa. Muntu analomba bibi, na bakubwa ya mutoto banasimama, banageuka, banamunyang'anya hata kinywaji. Kwetu kusimama vile ni kumukatalia muntu. Bageni bakachukua ma-veste, makoti yabo, bakatoka. Miye napiga kelele "Ni treni! Ni treni!", lakini ile treni ilikuwa murefu, kichwa inafika Kasumbalesa kule ku mupaka, mukia ingali kwetu. Na mikono yangu imejaa ma-vere.

Fiancé wangu akabakia ku mulango. Aliniangalia, akaangalia bakubwa yake beko banaenda. Pale pale armoire ikainama, mama peke yake ikamushinda. Kijana akaruka, akatia mugongo pale na costume yake yote. Bakashikilia yeye na mama, meno inagongana.

Treni ikaisha. Papa akakaa, akatia radio chini.

"…tunaitika."

Kijana, mugongo ungali ku armoire, akapiga kelele: "Baba mukubwa, murudi! Banaitika!"

Baba mukubwa akaingiza kichwa tu.

"Banaitika? Na vere yangu banaibeba sababu ya nini?"

"Ingia, ndugu yangu," mama akasema. "Tutakujazia ingine, treni imeisha kwenda."

Leo ule kijana ni bwana yangu. Tukienda kutembelea mama, treni ikilia, anaacha bukari, ule ugali, mu kinywa, anakimbia ku armoire. Usijaribu kumusaidia. Atakasirika.